Tandiko Alilolishona Iva

Hillsboro, Wisconsin
11 Agosti

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na Mama mpe shikamoo yake kabla hajakunyang'anya barua. Sisi huku hatujambo kwa rehema za Mungu. Mjukuu wako Leanna anaota meno ya nyuma na nyumba nzima haina usingizi. Mkweo Marlin alijikata kidole gumba kwa shoka lakini kinapona, ingawa ukimsikiliza anavyolalamika utadhani mkono wote umekwenda. Mvua imetunyima, mahindi yamejikunja majani, ila nyasi za mkato wa pili tumeshaziingiza ghalani. Nyonga yako inasemaje siku hizi? Usinijibu "haijambo." Niambie kweli.

Pamoja na barua hii utapata kifurushi. Ni tandiko, ila si la farasi. Ni la mtu kukalia mtini wakati wa kuwinda. Unalivaa kiunoni na mapajani, kama unavyomvalisha farasi mikanda yake ya nyuma. Kamba fupi inapita tumboni kutoka nyonga moja hadi nyingine, na hiyo inanaswa kwenye kamba ya pili uliyoizungusha kwenye shina. Halafu unajilegeza tu. Unakaa hewani, uso umeelekea mti, miguu imekanyaga kibao kidogo. Hakuna jukwaa wala mbao. Tangu unapoiacha ardhi mpaka unaporudi, hakuna wakati ambao hujafungwa.

Utaniuliza nimejifunzia wapi. Jirani yetu Greg, yule mwenye pikapu ya kijani, alileta la kwake la dukani lililofumuka, akaniomba nilitie mshono. Nililifumua lote, nikalitandaza mezani, nikaona walikokosea. Nikamrudishia lake likiwa zima, kisha nikashona langu, halafu la Marlin. Msimu uliopita nililikalia mpaka theluji ikaanguka. Hili la tatu ni lako. Vipimo nimevitoa kichwani, maana nakujua ulivyo.

Mama aliniandikia kwamba mwaka jana hukuingia msituni hata siku moja, na upinde umeupandisha darini. Sikuulizi sababu. Nakuomba ulivae, ulijaribu kwanza chini kabisa, visigino vikigusa majani, uniambie linabana wapi.

Marlin anakusalimu, na Leanna amekuchorea kitu nyuma ya karatasi. Anasema ni farasi.

Binti yako,
Iva


Charm, Ohio
20 Agosti

Mwanangu Iva,

Marahaba. Tumeipokea barua yako tukiwa wazima, na tumefurahi kusikia nanyi hamjambo. Mwambie Marlin kidole gumba hakiui. Hapa joto ni kali, farasi wanatokwa jasho hata wakiwa wamesimama, na watu wote wamekumbuka siku moja kwamba kola za farasi wao zimechanika, na wote wananiletea mimi nizishone. Nyonga ipo. Asubuhi ni mbaya, mchana inasahau.

Kifurushi alikifungua mama yako. Akalishika lile tandiko kwa vidole viwili, akaniuliza, "Hii suruali ya nani imebaki mikanda mitupu?" Nilipomweleza ni la nini, alilikunja akaliweka juu ya kabati la sahani, mahali anapojua sifiki bila kupanda kiti. Nikangoja aende kuchuma maharagwe.

Nililipeleka karakana, nikalikagua chini ya dirisha. Unajua ninavyokagua. Nilianza na nyonga ya kushoto, nikavuta kila mshono kwa ncha ya msharasi, nikapinda kila mkanda kuona kama nailoni imekunjwa vizuri ndani. Nilitafuta kosa mpaka kahawa ikapoa. Mshono mmoja upande wa ndani wa paja la kulia umepinda kidogo. Ni huo tu.

Nikajaza magunia ya shayiri yenye uzito kunizidi mimi, nikayavalisha tandiko, nikayatundika kwenye boriti ya ghala. Yakakaa pale siku tatu. Halafu nikalifunga kwa farasi wetu Duke upande mmoja na kwa nguzo ya ua upande mwingine, nikamwambia avute. Duke alivuta mpaka akaikunja shingo. Nguzo ndiyo iliyong'oka.

Basi kazi ni imara, na nakushukuru. Nimelitundika msumarini karibu na kola za farasi ambapo kila anayeingia ataliona. Kwa mtu wa umri wangu, hapo ndipo pake.

Mama yako anasema mlete Leanna wakati wa Krismasi. Na anauliza yule farasi mbona ana miguu mitano.

Baba yako


Hillsboro
27 Agosti

Baba mpendwa,

Shikamoo. Tu wazima sote, mvua imenyesha hatimaye, nitakuandikia habari za shamba siku nyingine kwa sababu leo nina jambo moja tu.

Magunia ya shayiri hayana nyonga. Hayana mapaja yanayokufa ganzi, wala hayavai suruali yenye vifungo. Hayawezi kuniambia kitu. Na Duke mpe pole sana, lakini Duke hawindi.

Nilikushonea ulikalie wewe. Nani alinifundisha kwamba mkanda haujaisha mpaka mnyama auvae na atembee nao? Sasa mnyama ni wewe. Ule mti wa mjozi nyuma ya karakana unafaa sana, na Mama akiwa upande wa bustani haonekani wala haoni.

Wako mwenye haraka,
Iva

Mguu wa tano ni mkia.


Charm
8 Septemba

Mwanangu Iva,

Marahaba, mwanangu. Natumai mvua ile imewafikia vizuri na mahindi yamefunguka. Sisi hatujambo, isipokuwa mimi ni kichekesho cha wilaya nzima, na nitakueleza kwa nini.

Nimelivaa. Nilifunga kamba kwenye mjozi, usawa wa paji la uso, nikainasa ile ya tumboni, nikalisukuma fundo juu kidogo, nikakaa. Miguu ilikuwa juu ya nyasi, huwezi hata kupitisha paka chini yake. Mwanzo niliushika mti kwa mikono miwili kama mlevi anavyomshika rafiki yake. Kisha nikaachia mkono mmoja. Kisha wa pili. Halikuteleza, halikulia, halikufanya chochote. Nikabaki nimekaa tu hewani, nikisikiliza.

Hapo ndipo jirani yetu Roman Keim alipotokea. Ameacha gari lake la farasi mbele, amezunguka nyuma kunitafuta kwa ajili ya hatamu yake. Akasimama, akavua kofia. "Atlee!" akasema. "Mkeo Fannie amekuanika, au anakukausha kwa moshi?" Nikamwambia najaribu kifaa. Akasema, "Naona. Ukiiva utuite."

Jumapili baada ya ibada, tumekaa mezani na mkate na siagi ya karanga, mzee mmoja wa upande wa Walnut Creek ambaye hata simfahamu vizuri aliniuliza nimebakiza wiki ngapi za moshi. Kwa hiyo mama yako naye akajua. Tangu Jumapili ananipa chakula bila neno, na unajua ukimya wa mama yako unavyoweza kujaza jiko.

Sasa kazi. Linabana nyonga zote mbili, hapa mbele, palepale kamba ya tumboni inapoanzia. Kifungo cha suruali cha kushoto kinaingia kwenye nyama. Ukingo wa chini unakata paja baada ya muda, na mguu mbovu ndio unaotangulia kufa ganzi. Mgongoni ni pazuri. Mgongoni sijawahi kukaa pazuri namna hiyo hata kwenye kiti.

Nafikiri ni kama kola inayombana farasi begani. Mzigo si mkubwa mno, ila unavutwa kutoka mahali pasipofaa. Vile vitanzi vya nyongani ungevirudisha nyuma upana wa vidole viwili. Na ungetia sufu iliyoshindiliwa ndani ya ukingo wa chini, kama tunavyofanya kwenye kola.

Nimepachora chokaa pote panapouma, na nakurudishia tandiko kwa posta. Ningeweza kufumua mwenyewe, mashine iko hapa. Sikutaka mkono wangu uingie kwenye kazi yako.

Baba yako


Hillsboro
22 Septemba

Baba yangu,

Shikamoo. Nimecheka mpaka Marlin akaacha kukamua akaja kuona kuna nini. Nikamsomea. Sasa kila nikipita anauliza kama baba mkwe ameiva. Sote wazima. Leanna amemaliza meno yake na sasa anayatumia kwetu.

Tandiko lilifika na chokaa yako haikufutika. Nililivaa mimi na mikunjo miwili ya blanketi kiunoni ili nipate unene wako (usikasirike), nikalikalia kwenye mti wetu wa uani mpaka nikaelewa unachosema. Ulisema kweli. Nilikuwa nimeweka vitanzi mbele kwa sababu mimi na Marlin ni wembamba, na kwetu hapo hapaumi. Nimevirudisha nyuma vidole viwili, na cha kushoto kidogo zaidi, kwa sababu tangu nyonga ile ivunjike unakaa umeegemea kulia, hata kanisani. Sufu nimeitia. Ni wazo zuri kiasi kwamba nimefumua langu na la Marlin nikayatia nayo.

Kamba ya tumboni nimeiongeza urefu. Ikiwa fupi inakuminya nyonga kama koleo, ikiwa ndefu inaziacha zipumue. Mabadiliko mengine utayafanya mwenyewe ukiwa juu. Ukitaka kukaa, shusha mkanda wa nyuma mpaka chini ya makalio na usukume magoti kwenye mti. Ukichoka, nyoosha miguu, uegemee nyuma kama mtu anayetazama farasi wa mnadani. Badilisha kabla ganzi haijaja, usiisubiri. Magotini nimekushonea pedi. Vaa mikanda ya suruali ndani ya koti isije ikanaswa, na suruali ile ya kazini yenye kifungo kikubwa uiache nyumbani.

Ukianza kupanda, mkanda wa kupandia unazunguka mti muda wote. Unausogeza juu, unapanda kipandio kimoja, unausogeza tena. Ukifika, unafunga kamba ya mti kwanza, unailalia kwa uzito wako wote, ndipo unaufungua mkanda. Usibadilishe mpangilio huo hata kama kuna dume anakutazama usoni.

Ila usiharakishe kupanda, Baba.

Binti yako,
Iva


Charm
4 Oktoba

Mwanangu Iva,

Marahaba. Sisi wazima. Mama yako ametengeneza siagi ya tufaha kwa siku mbili na nyumba nzima inanukia mdalasini. Anazungumza tena, mambo madogo madogo.

Tandiko linanikaa. Sijui nikwambieje zaidi ya hivyo. Nimelikalia kwenye mjozi jioni nzima, nimezunguka shina pande zote mbili, nimelenga upinde kushoto na kulia, na niliposhuka sikuwa na mahali pa kuchora chokaa. Hata ule upande wa kushoto. Sikuwahi kumwambia mtu kwamba nakaa nimeegemea kulia. Sikujua kwamba kuna aliyeona.

Basi Alhamisi nikaenda msituni, kwenye ule mstari wa mialoni juu ya kijito. Nilifunga vipandio shinani. Nikapanda cha kwanza. Nikausogeza mkanda, nikapanda cha pili.

Hapo mguu ulikataa. Nilikuwa nimefungwa, Iva, mkanda umeshika mti, nilijua kabisa kwamba hata nikitaka kuanguka siwezi. Akili ilijua. Goti halikujua. Nikausikia ule mlio wa ubao wa lile jukwaa langu kama vile ni jana, ule wa kwanza mdogo, kabla ya ule mkubwa. Nikaukumbatia mti nikafumba macho, mimi mtu mzima, na chini yangu hakuna hata urefu wa mlango.

Sijui nilikaa vile kwa muda gani. Nikashuka. Mama yako alikuwa dirishani niliporudi. Akanitazama, akanimiminia kahawa.

Usililaumu tandiko. Tandiko lilikuwa tayari kwenda. Mimi ndiye niliyebaki.

Nimeupandisha upinde darini tena.

Baba yako


Hillsboro
11 Oktoba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Tu wazima. Barua yako niliisoma nikiwa ghalani, nikaketi juu ya marobota mpaka ng'ombe wakaanza kunidai.

Mimi nilikuwa pale, Baba. Hatujawahi kulizungumza. Nilikuwa nimesimama chini ya ule mwaloni nimeshika termosi yako, na nilisikia ile milio miwili, ule mdogo na ule mkubwa. Nilikuona ukishuka na vipande vya mbao. Ulianguka mbele yangu, karibu sana hivi kwamba kahawa ilinirukia. Nikakimbia katikati ya mahindi ya Roman, kiatu kimoja kikabaki matopeni, nikafika nyumbani kwake nikashindwa hata kutamka jina lako. Nilinyoosha kidole tu.

Mpaka leo nikifunga macho najaribu kukudaka. Ni upuuzi, nilikuwa msichana mwembamba kama ufagio, ungeniua. Lakini najaribu.

Nilipolishona hili tandiko sikumfikiria kulungu hata mara moja. Nilikaa kwenye cherehani usiku Leanna akiwa amelala kwenye kikapu, na kila nilipofunga mshono nilirudi nyuma nikaufunga tena, nikijiambia, hapa hataanguka. Hapa pia hataanguka. Ndiyo maana hukupata kosa.

Kwa hiyo usipande kwa ajili yangu. Hata likibaki msumarini maisha yake yote, kazi niliyotaka kuifanya nimeifanya. Nakuomba kitu kimoja tu. Usiwaambie watu kwamba umezeeka. Sema ulianguka. Kuzeeka hakuna dawa, lakini kuanguka watu huinuka polepole.

Nakupenda.

Iva wako


Hillsboro
5 Novemba

Baba,

Shikamoo. Sijapata barua yako tangu ile ya Oktoba. Kila siku naenda kwenye sanduku la posta mwenyewe, simtumi Marlin, na kila siku nakuta gazeti la kanisa na katalogi ya mbegu. Kama nilikuumiza kwa niliyoyaandika, niambie. Kama unaumwa, Mama aniandikie.

Huku sisi ni wazima. Jumamosi nilimpata dume kutoka kwenye mwaloni wa bondeni. Alikuja upande wangu mbaya, nikalazimika kuzunguka shina taratibu kama mkono wa saa, magoti kwenye zile pedi, na ile sufu yako haikutoa hata sauti. Ni mkubwa kuliko wote waliopatikana kanisani kwetu mwaka huu. Marlin ametundika pembe zake juu ya mlango wa ghala ili kila mpita njia azione. Mimi nimezishusha. Yeye amezitundika tena.

Tafadhali andika hata mstari mmoja.

Iva


Charm
24 Novemba

Mwanangu Iva,

Ni mimi mama yako, na usishtuke kuona mwandiko wangu, hakuna aliyekufa. Baba yako hawezi kukuandikia saa hizi kwa sababu yuko juu ya mti.

Natumai mu wazima, na Leanna anakula. Sisi Mungu ametujalia. Theluji kidogo iliteremka jana na leo jua limetoka, mashamba yote yanang'aa.

Barua yako ya Oktoba aliisoma akiwa amesimama pale kwenye sanduku la posta. Akaikunja, akaitia mfukoni mwa kizibao, akaingia karakana hata chakula cha mchana hakukitaka. Jumatatu nilipokuwa nafua nikaikuta mfukoni nikaisoma. Sikuombi radhi. Nilikuwa nimekukasirikia, nakwambia wazi. Nilijisemea, huyu mtoto aliona jinsi nilivyomgeuza baba yake kitandani majira yote ya baridi, sasa anamtumia kamba za kumrudisha mtini. Sikujua kwamba na wewe unaanguka naye kila ukifumba macho. Mbona hukuniambia? Mimi nami nilidhani niko peke yangu.

Nikaenda karakana na mikono yangu ya sabuni. Nikamwambia, "Atlee, kama unapanda, unapanda mimi nikiwa chini."

Akasema, "Nani kasema napanda? Na wewe chini utafanya nini?"

Nikamwambia, "Nitakuwepo."

Basi tangu siku ile, kila jioni akifunga karakana, tunakwenda kwenye ile mialoni, yeye na kamba zake, mimi na ndoo ya kukalia na viraka vya mfarishi wa Leanna. Siku ya kwanza alipanda kipandio kimoja, akaning'inia, akashuka. Siku ya pili hivyohivyo. Siku nyingine alifika cha pili, mguu ukaanza kutetemeka, nikauona kutoka chini. Nikaendelea kutunga uzi. Akaniuliza, "Fannie, uko?" Nikasema, "Niko." Akakaa mpaka mguu ukatulia. Tulikuwa hivyo wiki nyingi. Ndiyo maana hakukuandikia. Alisema haandiki mpaka awe na la kuandika, na nilipomwambia unahangaika huko, akasema, "Kesho." Unamjua na kesho yake.

Siku aliyofika juu hakuniambia kwamba ndiyo siku yenyewe. Alipanda tu, cha pili, cha tatu, cha nne, akapitiliza. Nikasikia anafunga kamba, kisha nikausikia mti ukipokea uzito. Nilikuwa nimeshika sindano na sikushona hata mshono mmoja. Mara nikasikia sauti. Iva, alikuwa anaimba! Wimbo wa ibada, ule wa pole unaochukua robo saa kumaliza ubeti, na kwa sauti ile ile anayoongozea kanisani. Kulungu wote wa kaunti hii walihamia Pennsylvania.

Nikamwambia, "Atlee, unawinda viziwi?"

Akacheka. Alicheka mpaka kamba zikatikisika. Sijamsikia akicheka mtini tangu ulipokuwa msichana. Nilijifunika uso kwa kiraka cha mfarishi, na sasa kina doa, utakiona.

Wiki iliyofuata alinikataza kuja, eti naogofya wanyama. Mimi! Akapata jike nono kwa mshale mmoja safi. Rafu ya chini ya stoo imejaa chupa za nyama, na nyingine tumewapa akina Roman. Yeye ameacha kuuliza kama baba yako ameiva. Sasa anauliza kama anaweza kuazimwa tandiko.

Halafu kuna hili, na hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu bila kumngoja. Jumamosi karakana ilijaa watu, kila mmoja amekuja na kisingizio chake, mwingine kaleta bizimu moja tu. Baba yako alikuwa ameliweka tandiko mezani, anawaonyesha mshono wa nyongani. Nilikuwa mlangoni na kahawa. Nikamsikia akisema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Hili ni la binti yangu Iva. Mimi nimeshona tangu nina miaka kumi na mitatu, na sijawahi kushona kitu kama hiki."

Sasa, nyuma yao alikuwa amesimama Askofu Emanuel, amekuja kuchukua hatamu. Hakuna aliyemwona akiingia. Akasema, "Atlee, naona leo tunajivuna."

Unajua kwetu kanisani kujivuna ni dhambi. Wengine wakaanza kuvitazama viatu vyao. Nikajua sasa baba yako ataomba msamaha, kama ambavyo angefanya mtu yeyote, kama ambavyo ningefanya mimi. Yeye akainua uso, akasema taratibu, "Ndiyo, Emanuel. Mimi mwenyewe sina cha kujivunia. Lakini kwa huyu mtoto, ndiyo. Najivuna."

Askofu akaja mpaka mezani. Akalishika, akaligeuza, akaupitisha ukucha kwenye mishono kama yeye naye ni fundi. Alichukua muda wake. Kisha akasema, "Basi jivuneni humu ndani. Barabarani msijivune." Akachukua hatamu yake akaelekea mlangoni, akasimama, akarudi hatua moja. Akajishika tumbo. Akamwuliza baba yako, kwa sauti ya chini lakini sote tulisikia, "Na huyo binti, anaweza kushonea mtu wa ukubwa huu?"

Naona baba yako anavuka shamba, mikono mitupu na kofia imekaa upande. Namwachia karatasi iliyobaki. Mbusu Leanna mashavu yote mawili.

Mama yako


Iva,

Nimeshuka salama. Mama yako ameandika kila kitu, ameniachia nafasi ya kidole.

Wote wanaotaka nimewakatalia. Sitashona hata moja. Nimewapa anwani yako, na nimewaambia waandike kwa adabu na wapime viuno vyao bila kudanganya. Cha askofu nimekipima mimi, nakuambatanishia. Usicheke.

Hakuna kulungu aliyepita leo. Nilikaa tu. Majani yameisha, kwa hiyo kutoka juu kule unaona mbali, moshi wa jikoni kwetu, bati la Roman, na mama yako dirishani ameinama anakuandikia. Nilikuwa nimesahau kwamba nyumba yetu inaonekana kutoka pale. Niliachia mikono yote miwili nikaitazama mpaka vidole vya miguu vikapoa, na sikuwaza kuanguka.

Nilikaa mikononi mwako, mwanangu.

Baba yako